Nani Atamwombea Fremin

Asubuhi ile tulikuwa tisa chini ya ngazi, wapangaji wanane na mimi, tumesimama vile tulivyosimama kila siku kabla watu hawajatawanyika kwenda vibaruani. Oudine, msokota sufu wa chumba cha juu, ndiye aliyeongoza sala kwa kuwa sauti yake haikwami hata wakati wa baridi. Alisema Baba Yetu. Alisema Salamu Maria. Kisha, pale ambapo kwa miaka sita tulikuwa tukisema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana, mtumishi wako Fremin," Oudine akasema, "Umlinde, ee Bwana, mtumishi wako Fremin, popote alipo."

Wengine wakaitikia amina. Hakuna aliyeshtuka ila mimi.

"Oudine," nikasema, "umesali nini?"

"Nimemwombea mwalimu, mama."

"Popote alipo?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko makaburini. Sanda yake niliishona kwa mkono huu."

Akainamisha macho. Haikuwa haya. Kisha akanitazama kwa upole ule tunaoupeleka kwa wagonjwa. "Tunajua inakubidi useme hivyo," akasema.

Raoulet, mchukuzi mwenye mguu mfupi, akajipigapiga kifuani. "Siri ya mwenye nyumba ni siri ya nyumba, Bibi Thomasse. Sisi midomo tumeshona."

"Mmeshona kwa uzi gani? Mji mzima unasema."

"Ah, mji! Mji una pua, mama. Utauziba pua?"

Wakacheka kidogo, kwa mapenzi kabisa, wakaondoka. Nikabaki chini ya ngazi na magoti yangu yanayouma, nikaisema sala upya peke yangu, kwa maneno yake yanayostahili. Ndivyo nilivyojua kwamba mume wangu alikuwa ameanza kukosa maombi, na wala sikuwa na njia ya kujua yalikoma lini mioyoni mwao.

Niseme hapa nyumba ile ilitoka wapi, ingawa hakuna anayependa kusikia. Mume wangu wa kwanza aliuza nafaka. Alipokufa aliniachia nyumba mbili karibu na soko, na akiba. Fremin Aubelet, nilipokubali kuolewa naye, alikuwa na kibanda cha kuandikia chenye upana wa kitanda, kimeegemea ukuta wa kanisa, na kidole kimoja kilichoingia wino hadi kwenye mfupa. Basi. Lakini mjane mwenye nyumba si hadithi. Watu wa Paris wataamini jiwe linalozaa dhahabu na kumrudishia mtu ujana asife, kabla hawajaamini kwamba mwanamke alirithi.

Fremin aliandikia watu. Barua, wosia, maombi kwa mabwana, mashtaka ya majirani. Kazi hiyo ilimlisha, na kazi hiyo ndiyo iliyomtia hofu. "Thomasse," alikuwa akiniambia tukila supu yetu ya dengu, "mtu anakuja anaapa kwamba ng'ombe ni wake. Najua si wake. Naandika ni wake. Kiapo ni chake, lakini mkono ni wa nani?" Alihesabu kwamba ameandika uongo wa watu kwa miaka thelathini na mitano, na kwamba toharani, kwenye moto wa kutakasia roho, ataulizwa kila mstari. Ndiyo maana aliomba akifa tutoe vyumba vya juu kwa maskini bila kodi, na malipo yawe sala moja ya Baba Yetu na moja ya Salamu Maria kila asubuhi, waliomo wote kwa pamoja. Aliyachora maneno hayo mwenyewe kwa chaki juu ya mlango, mchongaji akayafuata kwa patasi. Hakutaka zaidi. Wapo waliotaka kuzikwa chini ya altare. Fremin alitaka watu wanane, chini ya ngazi, kila siku ya Mungu.

Na dhahabu? Ilikuwa hivi. Bwana mmoja alitaka kitabu cha sala chenye herufi za dhahabu, ila hakutaka kutoa dhahabu. Fremin akafanya wafanyavyo waandishi wote wanapobanwa: akasaga bati pamoja na zebaki, salfa na chumvi kali, akachoma ndani ya chupa iliyopakwa udongo, ikatoka unga wa manjano unaong'aa. Ukiuchanganya na gundi unaweza kupaka herufi, na bwana asiye na macho mazuri ataridhika. Harufu yake ni ya mayai yaliyooza. Denisot, mchinjaji wa jirani, akachungulia dirishani amejiziba pua.

"Unapika nini humo, shemeji? Shetani?"

"Nageuza bati kuwa dhahabu," Fremin akamjibu. "Kesho niletee ngozi ya ndama wako, nikugeuzie binti wa mfalme."

"Mgeuze na mke wangu basi, nione kama una ufundi!"

Tulicheka hadi mkewe Denisot akatutukana kutoka ng'ambo. Miaka ikapita, na kicheko kikaanguka njiani. Maneno yakabaki.

Alikufa siku ya Mtakatifu Klementi, saa nne asubuhi, kibandani, akiwa peke yake, akimwandikia mwanamke mmoja barua ya kuomba kuni. Kichwa kilianguka juu ya ngozi aliyokuwa akiandikia. Padri mzee alikuja mbio lakini mbio za mzee ni zile zile, hakumkuta hai. Fremin hakuungama, hakupakwa mafuta. Na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa kile kikohozi kilichojaza makaburi, wakati waosha maiti walikuwa wakioshwa wenyewe, nilimwosha peke yangu, nikamshona ndani ya sanda kuanzia nyayo hadi utosini kama desturi yetu ilivyo, uso ndani. Watu waliotembea nyuma ya jeneza la parokia, lile la kuazima linalorudishwa baada ya maziko, waliona furushi la kitani. Aliyeuona uso wake ni mimi na padri mzee, na padri mzee alimfuata baada ya siku kumi na mbili.

Basi asubuhi ile nilimfuata Oudine hadi kisimani, nikamwuliza nani amewaambia. Akataja muuza vitambaa aliyetoka kusini. Mtu huyo alimwona Fremin sokoni Montpellier akichagua miwani, uso laini kama wa bwana harusi.

"Kama amekuwa kijana," nikasema, "miwani ya nini?"

Oudine akafikiri. "Ya kujificha, mama."

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Hakuwa mjinga. Alikuwa amezika watoto watatu, na sasa alikuwa amepata mtu mmoja duniani ambaye hakufa.

Nilikwenda kwa Padri Evrart, kijana aliyeletwa kwetu miaka mitatu iliyopita. Siku ya Mtakatifu Klementi ilikuwa karibu, na kila mwaka siku hiyo ilisomwa misa ya wafu ya Fremin. Nilitaka aseme mbele ya watu, kwa kinywa cha Kanisa, kwamba mtu huyu amekufa na anahitaji sala zao. Nilidhani ni jambo dogo.

Alinikaribisha akaniwekea kiti karibu na moto. Kisha akaanza kusugua viganja.

"Bibi Thomasse, kuhusu misa hiyo. Nimepokea malalamiko."

"Ya nani?"

"Sitataja jina."

"Ananuka damu ya ng'ombe?"

Akatabasamu bila kupenda. "Anasema, na si yeye peke yake, kwamba mume wako yuko hai. Wewe unajua tunachofundishwa. Misa ya wafu ikisomwa kwa aliye hai, inamvuta kaburini. Wachawi wametumia njia hiyo kuua. Mapadri wamevuliwa kanzu kwa ajili yake."

"Padri, nilimfumba macho."

"Nakuamini."

"Basi soma misa."

"Nakuamini sehemu tisa katika kumi," akasema, na nikaona ni mtu mwaminifu, na kwamba uaminifu wake hautanisaidia. "Lakini nikikosea, nimemuua mtu juu ya altare kwa mikono hii. Nipe kitu cha kuwaonyesha. Shahidi."

Sikuwa na shahidi. Nilikuwa na mfu. Nikasema, "Fukueni kaburi."

Angeweza kukataa. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini hakukataa. Nadhani naye alitaka kujua.

Habari zilinitangulia kurudi nyumbani. Denisot alikuwa amesimama mlangoni kwake, aproni imetapakaa damu, kisu mkononi.

"Shemeji Thomasse, hivi huoni haya?"

"Haya ya nini?"

"Mwanamume amekuachia nyumba mbili, amekuachia heshima hata kanisa linakuinamia. Amekwenda zake kimya kimya asikusumbue. Na wewe kila mwaka unamsomea misa ya wafu. Unataka roho yake pia?"

"Nyumba zilikuwa zangu, Denisot. Wewe ulimuuzia mume wangu wa kwanza nyama ya harusi yetu."

"Sikumbuki."

"Ulitupunja utumbo!"

"Hilo ningelikumbuka," akasema, na wanunuzi wake wakaangua kicheko. Kisha akaacha kucheka, akainamia karibu yangu. "Mimi alinitamkia kwa kinywa chake. Nageuza bati kuwa dhahabu. Nilisimama pale pale. Lisemwalo lipo, Bibi."

Alikuwa na machozi. Na sitasema alikuwa mnafiki, maana Denisot alimpenda Fremin, na katika mji ule waliomnyima sala sasa walikuwa wale wale waliompenda.

Siku ya kufukua watu walikuja kama vile wanakwenda kuona dubu akicheza. Waliuza maandazi ya asali langoni. Padri Evrart alivaa kanzu yake ya rangi ya zambarau, akasimama upande wa miguu. Mimi nilisimama upande wa kichwa, kwa kuwa nilipakumbuka: hatua kumi na mbili kutoka msalaba mkubwa, kuelekea ukuta. Colart mchimba kaburi alikuja na koleo, akaniangalia, akaangalia pale nilipoonyesha, akasita.

"Bibi," akasema chini chini, "ni hapa kweli?"

"Ni hapa."

"Basi ngoja kwanza niseme neno."

"Chimba, Colart!" Denisot akapaza sauti. "Neno liko chini."

Akachimba. Udongo wa pale ni mweusi na mlaini, unakula mwili haraka. Watu husema siku tisa, wanaongeza chumvi, lakini ni haraka. Alichimba hadi magotini. Alichimba hadi kiunoni. Alikuta kipande cha kitani kilichooza chenye ukubwa wa kiganja, na sindano ya shaba iliyopinda. Alipofika kwenye udongo wa njano ambao haujawahi kuguswa na mtu, akaacha, akaegemea mpini.

Hapakuwa na mfupa hata mmoja.

Kisha mwanamke mmoja akapiga magoti. Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja, na nikamsikia Oudine akilia kwa furaha, "Nilijua, nilijua, nilijua."

"Mwaka juzi!" Colart alikuwa akipiga kelele kutoka shimoni. "Sikilizeni, jamani! Safu hii nzima tuliitoa mwaka juzi, baada ya mafuriko! Mifupa iko darini, juu ya ukumbi, pamoja na mingine! Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

Ndivyo wanavyofanya siku zote. Hakuna mtoto wa Paris asiyejua. Makaburi yetu ni madogo na wafu ni wengi; nyama ikishakwisha, mchimba kaburi huitoa mifupa na kuirundika kwenye dari za kumbi zinazozunguka uwanja, ili wengine wapate kulala. Hakuna anayearifiwa. Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa na baba juu ya dari zile, au mama, na mafuvu yalikuwa yakituangalia kupitia nafasi za mbao wakati ule ule. Mimi mwaka juzi nilikuwa kitandani na homa tangu Noeli hadi Pasaka. Nilikuwa nimesahau kwamba desturi inamhusu pia yule unayempenda. Wao hawakusahau. Waliona tu kwamba haiwezi kumhusu Fremin.

"Mtu wa kawaida, ndiyo," Raoulet akamweleza Colart kwa uvumilivu. "Lakini yeye?"

Nikamtazama Padri Evrart. Hakunitazama. Alikuwa akilitazama shimo, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Watu walipokwisha kuondoka, wakiwa wamebeba udongo wa pale ndani ya vitambaa vyao, Colart alinipandisha darini. Sijui alitaka nini, labda kunifariji. Alishika ngazi, nikapanda. Mifupa mirefu ilikuwa imepangwa kama kuni, mafuvu juu yake, safu nyuma ya safu hadi mwanga ulipoishia. Upepo ulipita kati yao.

"Safu yenu tuliiweka upande huu," akasema. "Au ule. Tulikuwa na haraka. Alikuwa na alama?"

"Alikuwa na pengo. Jino la juu, kushoto. Alikuwa akikata uzi kwa meno."

Akaokota fuvu moja. Pengo juu, kushoto. Akaokota la pili. Pengo. La tatu halikuwa na jino hata moja.

"Angalia mwenyewe, mama," akasema. "Ukilitambua, nitakwenda nalo kwa padri nikaape."

Nililishika moja kwa mikono miwili, nikalitazama kwa muda mrefu. Mtu unalala naye miaka ishirini na minne. Unajua sauti ya koo lake akimeza. Nilisubiri moyo uniambie kitu. Haukuniambia. Ningeweza kusema, ndiyo, ni hili. Colart angeapa. Lakini ningekuwa nimeongeza uongo mmoja juu ya ule unaomchoma, kwa ajili yake, na kwa jina lake. Nikalirudisha mahali pake, nikateremka.

Wiki ile niliwaambia wapangaji wasali kama ilivyochongwa juu ya mlango au watoke. Oudine alifunga sufu yake bila ugomvi. "Siwezi, mama," akasema. "Ningekuwa nashiriki kumuua. Wewe ni mkewe, una sababu zako, Mungu atakuhukumu wewe. Mimi sina sababu." Akanibusu mkono. "Akikuletea habari, mwambie Oudine alimwombea afya." Alitoka na baridi ile kwenda asikokujua, mwanamke asiye na mbele wala nyuma, badala ya kumwombea mume wangu pumziko. Raoulet naye akatoka, na wengine.

Nikaingiza wengine. Walisali maneno yote, kwa sauti, wakiwa wamefumba macho barabara, na mchana niliwakuta wakigonga kuta kusikiliza penye uwazi. Mmoja aling'oa matofali ya jikoni. Nikawafukuza hao pia. Waliokuja baada yao walikuwa wabaya zaidi. Sasa vyumba vya juu ni vitupu, na mimi siwezi tena kupiga magoti. Nasali nimekaa, na mara nyingine nasinzia kabla ya amina.

Mwaka wa kufukua misa yake haikusomwa; mwaka uliofuata, Jumapili iliyotangulia siku ya Mtakatifu Klementi, nilikwenda kanisani mapema nikaketi mbele. Baada ya mahubiri padri wetu husoma majina ya marehemu wa parokia ambao siku zao zinaangukia juma lile, na watu wote huitikia kila jina kwa sala. Ni majina mengi, husomwa haraka. Nilikuwa nimekwisha kumwomba Padri Evrart mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amesema, "Nitaona."

Akasoma. Mke wa mtengeneza kofia. Ndugu wawili waliozama mtoni Seine. Shemasi. Watu wakaitikia, wakaitikia. Kisha akafunga kitabu.

Nikasimama. Sijui niliinuka vipi, kwa magoti yale.

"Fremin Aubelet!" nikaita. Sauti yangu ni mbaya, imekauka, lakini kanisa letu ni la mawe na linaibeba sauti. "Fremin Aubelet, mwandishi!"

Nilisubiri waitikie. Hata mmoja. Hata kwa kukosea, kwa mazoea ya ulimi.

Walikuwa mia tatu, na wote waligeuka kutazama mlango, kana kwamba nimemwita aingie. Denisot alisimama juu ya benchi ili aone vizuri. Padri Evrart alinyanyua shingo. Mlango wa magharibi ulikuwa wazi nusu, mwanga mweupe wa Novemba ukiingia, na mtu fulani alikuwa akipita nje, kivuli chake kikaangukia kizingiti.

Nami niligeuka.